Sufu ya Makete, Mawe ya Ngumbo

Vijana wa karakana, mliponiomba niandike habari za miaka yangu ya kufuma, najua mlichokuwa mnakitaka hasa ni siri ya ile mashine ya dirishani inayoruka sindano. Nawaambia mapema ili tumalizane: isafisheni. Inakusanya vumbi la uzi kila siku, nyinyi mnaipiga kofi kisha mnashangaa imenuna. Hiyo ndiyo siri yote. Sasa nipeni nafasi nieleze mengine.

Vyeo sina vya kusimulia. Karakana yetu ya Mbinga haijawahi kuwa na vyeo zaidi ya "fundi" na "yule mgeni", na mimi nimekuwa vyote viwili.

Nilizaliwa Ngumbo, ufukweni mwa ziwa, ambako mtu akivaa sweta mchana watu humuuliza anaumwa nini. Baba yangu alikuwa fundi wa nyavu. Alitumia sindano ya mwanzi aliyoichonga mwenyewe na kibao kidogo cha kupimia ukubwa wa jicho la wavu, nami nikikaa miguuni pake nilijifunza kuongeza macho na kupunguza macho kabla sijasoma vizuri. Nilipomwambia kwamba nataka kupanda Mbinga kujifunza kufuma masweta, alisema bila kuacha wavu wake, "Macho ni macho. Ila huko hutapata samaki." Nilichukua hiyo kuwa ruhusa.

Mwalimu wangu alikuwa Mama Kapinga, Mmatengo, mwenye karakana nyuma ya soko. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kusikika mpaka kituo cha mabasi, na hakupenda maswali kabla ya saa ya chai. Siku ya kwanza niliingia nimevaa shati jeupe.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kujifunza kufuma."

"Marahaba. Chukua hili, fumua."

Lilikuwa sweta la mitumba, la kijani, zito. Nilitafuta mwisho wa uzi shingoni, nikafumua mpaka jioni, uzi nikiuzungusha kwenye mgongo wa kiti. Kesho yake akanipa jingine. Siku zilipita hivyo, shati langu likajaa manyoya ya rangi zote, na mashine sijaigusa. Nilipolalamika aliniambia maneno ambayo baadaye nimewaambia nyinyi mpaka mmeyachoka: fundi wa masweta ni mtu asiyeogopa kufumua. Umekosea mkono, fumua. Mtoto amekua, fumua, ongeza. Kwake hakukuwa na sweta lililoharibika, kulikuwa na uzi unaosubiri kazi nyingine.

Alinifundisha pia kuchoma uzi. Mkishika kipande juu ya kiberiti, uzi wa dukani unayeyuka na kuwa kijiwe cheusi kigumu. Sufu, yaani manyoya ya kondoo, inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu. Vijana wa siku hizi mnasoma kibandiko cha shingoni na kukiamini. Mimi nachoma.

Nikapewa mashine hatimaye. Tulifuma masweta ya shule, hasa kwa shule za milimani, Mbuji na vijiji vyake, ambako mwezi wa sita na wa saba watoto huenda shule pumzi zao zikionekana. Kahawa ikishauzwa, wazazi walijaa mlangoni kwa pamoja, kila mmoja akitaka la mwanawe litoke kesho. Vijana wa bodaboda nao walinitania kila nikipita: "Fundi, na mimi nifumie kitambaa cha kochi." Niliwajibu kwamba kwanza wanunue kochi. Kazi niliipenda. Ningeweza kuzeeka hivyo hivyo, na pengine nisingekuwa na la kuandika, kama si kifua cha mdogo wangu.

Danieli alibaki ziwani. Alivua usipa, wale samaki wadogo wanaovuliwa kwa taa usiku kucha, na kurudi asubuhi. Nyinyi watu wa milimani mnadhani ufukweni hakuna baridi. Njooni msimu wa mwera, upepo ule wa kusini. Mawimbi yanaruka ndani ya mtumbwi, nguo zinalowa, halafu upepo unapita mwilini kama hukuvaa kitu. Danieli alikuwa na kifua kibaya tangu utotoni, na mwaka mmoja mwera ulimwangusha kabisa. Tulimpandisha hospitali akipumua kwa shida, mama akimshika mgongo njia nzima. Alipopata nafuu, daktari alimwambia mbele yangu:

"Ukilowa na kupigwa upepo msimu mwingine kama huu, mimi siahidi kitu. Acha ziwa."

"Nile nini, daktari?"

"Lima."

Danieli alicheka mpaka akakohoa. Shamba letu ni mihogo juu ya mchanga, na mihogo yenyewe huota kwa kusitasita. Tulipotoka nje aliniegemea begani, akasema, "Kaka, si wewe ni fundi wa masweta? Nifumie la kuzuia upepo."

Alisema kwa utani. Mimi nilikwenda na utani huo nyumbani na sikulala vizuri. Masweta nilikuwa nimeshamfumia mengi, ya uzi wa dukani, mazuri kwa kuangalia. Yalipolowa yalining'inia mpaka magotini, yamejaa maji, yakamkamua joto lote. Niliona aibu, fundi mzima, kwamba kazi ya mikono yangu ilikuwa inamsaidia mwera.

Nilimweleza Mama Kapinga. Hakupoteza muda kunipa pole. "Uzi wa dukani ukilowa ni maji," alisema. "Sufu ikilowa bado ina joto ndani. Wanaoisokota wapo Makete. Nenda, mashine yako nitaishika mimi."

Makete tuliijua kwa viazi na baridi. Wafumaji tuliijua pia kwa kondoo, na kwa kina mama wa vijiji vya juu ambao bado wanasokota uzi kwa mkono. Nilipanda basi la Songea, nikaunganisha la Njombe, kisha gari la kupanda milima ambalo lilikuwa limebeba mbegu za viazi na abiria kwa mpangilio huo wa umuhimu. Nilishuka kwenye ukungu. Nilikuwa na sweta moja, la kwangu, la uzi wa dukani, na kufikia jioni nilikuwa nimevaa kila kilichokuwa kwenye begi, hata taulo.

Nilielekezwa kwa Mama Sanga, mjane mwenye kondoo nyuma ya nyumba. Nilimwamkia kwa Kiswahili, akanijibu kwa "kamwene" ya kwao, kisha akaniuliza shida yangu. Nilipomwambia mimi ni mfumaji, aliita majirani waje kuona mwanamume anayefuma. Walikuja. Nikatoa mfukoni sindano ya mwanzi ya baba yangu na kipande cha uzi, nikawafumia wavu mdogo pale pale, macho sawasawa. Mama Sanga aliuchukua, akauvuta pande zote, akaacha kucheka.

"Keti," akasema. "Lakini kwanza utakata manyoya."

Alinifundisha kuchagua: ya mgongoni na mabegani kando, ya tumboni na miguuni kando. Alinifundisha kuyachana mpaka yanyooke, na kuyasokota kwa kijiti chenye kisahani cha mbao chini, kinachoning'inia na kuzunguka huku uzi ukirefuka juu yake. Chake kilizunguka kimya akiongea habari za watu. Changu kilianguka, kikabingirika chini ya kitanda, na uzi niliotoa ulikuwa na sehemu nene na nyembamba kama mhogo uliotafunwa na panya. Nililala kwenye chumba cha viazi. Nilinuka kondoo mpaka chai nayo ikawa na ladha ya kondoo. Nilifurahi sana kule, nasema kweli.

Uzi ulipokubali, nilimfumia Danieli sweta papo hapo, kwa sindano za spoku za baiskeli, kimo chake na upana wake kamili. Mama Sanga alilikagua na kunipa sharti moja: lioshwe kwa maji baridi, bila kusuguliwa, likaushwe kivulini. Nikamwambia nimesikia.

Niliteremka nalo Ngumbo, mwera ukiwa karibu. Danieli alilivaa uani akazunguka, akasema lina joto kweli. Mama yetu alisogea, akanusa, akasema linanuka zizi. Mimi nikaeleza sharti la Mama Sanga, nikimweleza Danieli tu, maana sikufikiria kwamba mwingine angelishika. Kesho yake nilikwenda kuwasalimu ndugu zetu wa kijiji cha jirani.

Sasa lazima mwelewe mama yetu na wanawake wa ufukweni kwa jumla. Nguo kule huoshwa kwenye mawe ya ziwani. Hupigwa sabuni ya mche, husuguliwa, hubamizwa juu ya jiwe, huchovywa ziwani, hubamizwa tena, kisha huanikwa kwenye jiwe lenye jua. Mtu anayefua taratibu huonekana mvivu. Na mama ni Mwanglikana wa kiti cha mbele. Mwanawe asingeingia kanisani Jumapili ananuka zizi. Kwa ajili ya harufu ile alifanya hata zaidi ya kawaida yake, alichemsha sufuria la maji.

Niliporudi nilimkuta ameketi kizingitini, sweta liko mapajani. Lilikuwa limekuwa dogo la kumtosha mtoto wa chekechea, nene kama blanketi lililokunjwa, gumu. Macho ya ufumaji wangu yalikuwa yamepotea, huoni mstari wala kitanzi.

"Nimelifua tu," mama alisema. "Nimelifua kama nguo nyingine." Kisha akaanza kulia. "Ulikwenda mbali kote kule kumtafutia mwenzio dawa, mimi nimeimwaga. Akifa ni mimi."

Nilikuwa na hasira, na nilipomwona analia, hasira ikakosa pa kwenda. Nikakaa naye kizingitini. Manyoya yalikuwa yamekwisha, na mwera haukuwa unanisubiri niende tena Makete.

Danieli aliliinamia lile sweta. Alilichukua, akalipima kifuani pake, akaingia ndani akatoka na kisu cha samaki. Akalipasua ubavuni. Nilipiga kelele, maana kila mfumaji anajua ukikata uzi mmoja sweta zima linakimbia. Halikukimbia. Makali ya kisu yalipita na kando yake ikabaki imetulia kama kitambaa cha suruali. Nilivuta kwa kucha, nikavuta kwa meno. Hakuna uzi uliotoka.

"Afadhali kuliko mkono mtupu," Danieli alisema. Jioni alikifunga kile kipande kifuani kwa kamba ya wavu, akavaa koti lake bovu juu, akaenda ziwani. Mama hakula.

Asubuhi mtumbwi ulipofika, mimi na mama tulikuwa ufukweni. Mwera ulikuwa umeamka usiku ule. Danieli alishuka amelowa maji kichwani mpaka miguuni, nikajua yamekwisha. Akalivua koti, akamshika mama mkono, akauingiza chini ya kile kipande.

"Hapa," alisema. "Shika hapa."

Mama alishika. Kisha akanivuta mkono na mimi nikashika. Shati lilikuwa na unyevu kidogo tu, na chini yake kifua kilikuwa na joto kabisa. Upepo haukuwa umepita.

Nilirudi Makete mapema kuliko nilivyodhani, nimebeba ukanda niliokata kwenye lile sweta. Mama Sanga aliugeuza mkononi, akajua mara moja kilichotokea.

"Nilikwambia maji baridi."

"Uliniambia, mama. Sasa nataka lingine, nikaliharibu vile vile."

Alinitazama kama mtu anayepima homa. Nilipomweleza kifua cha Danieli, alikaa chini, akafikiri kama fundi. Alisema hata kwao soksi za sufu zinazovaliwa ndani ya mabuti hugandamana kisigino namna ile, ila wao siku zote walihesabu kuwa ni hasara. Akanifundisha kusokota uzi mnene na mlegevu, kwa kuwa uliokazwa sana haugandamani vizuri. Spoku zilikuwa nyembamba mno kwa uzi ule, hivyo nikachonga sindano za mwanzi. Mshono nao ungebaki kama uti kifuani, kwa hiyo nikafuma kwa kuzunguka, kama baba alivyofuma kimia, ule wavu wa kutupa: unaanzia juu kwa macho machache, unaongeza macho ukiteremka. Ukubwa nilikisia, maana lingesinyaa sana likifuliwa. Lilipokwisha, mimi na kijana wa jirani tuliingia ndani yake wote wawili na bado palikuwa na nafasi. Kwenye basi la kurudi abiria aliniuliza kama ni la tembo.

Sehemu ngumu ilikuwa kumshawishi mama. Hakutaka kuligusa. Alisema nimtafute mwanamke mwingine, yeye ameshaharibu la kwanza.

"Ndiyo maana nakutaka wewe," nilimwambia. "Nifanyie kama siku ile. Usiache hata kimoja."

Tuliteremka ziwani na sufuria la maji moto, mche wa sabuni, na Danieli amevaa kaptula, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kipimo. Mama alianza kwa woga, anapapasa tu. Wanawake waliokuwa wakifua wakaanza kumtania, wakamuuliza anafua sweta au anambembeleza mkwe. Hapo akapandisha khanga. Alipiga sabuni, akasugua, akalibamiza jiweni, akalichovya ziwani, akalirudisha kwenye maji moto, na kila mara Danieli aliitwa alivae, mama akivuta bega na kusema, "Bado." Wenzake walimpokea alipochoka. Likaja magotini, likaja mapajani, likaja kiunoni. Mikono ilikuwa bado mirefu, mama akaisugua peke yake, taratibu, akipima kwa vidole. Kisha akasimama nyuma kidogo akamwangalia mwanawe.

"Tosha," alisema.

Danieli alilivaa msimu ule wote wa mwera. Alikohoa kidogo, kama watu wote wanavyokohoa. Hospitali hakurudi.

Yaliyofuata mnayajua, maana ndiyo yaliyowalisha baadhi yenu. Wavuvi wenzake walianza kuuliza. Tukawa tunafuata sufu Makete kila mwaka, tunafuma Mbinga makubwa ya kuchekesha, tunateremsha Ngumbo kwa mama na wenzake wayabamize. Mama Kapinga, alipoliona la kwanza, alitafuta mwisho wa uzi kwa muda mrefu. Alikuwa hajawahi kukutana na sweta lisilofumulika. Alinirudishia akasema, "Hili lina tabia mbaya, lakini ni zuri." Kutoka kwake hiyo ilikuwa tuzo. Mama Sanga naye alinituma nimletee usipa wakavu kila nikipanda, na aliwaambia majirani kwamba yule mvuvi anayefuma ni mwanafunzi wake.

Mwezi uliopita, baada ya kuwaachia funguo, niliteremka nyumbani kupumzika. Danieli amekuwa mzee mwenye kifua kinachopiga kelele kidogo na mdomo unaopiga kelele zaidi. Ameacha ziwa. Mtumbwi ameushika mwanawe, Stefano, mwenye mabega mapana kuliko sisi wote. Danieli alinijia uani na lile sweta mkononi. Limefifia, viwiko nimevitia kiraka, lakini lipo.

"Kaka, mwera unakuja. Lifumue hili, umfumie Stefano upya. Mimi sasa nalala ndani."

Nilimkumbusha kwamba halifumuliki. Alidhani ni uvivu wa mstaafu. Akanikabidhi, akaniambia nijaribu, mtu aliyefumua maisha yake yote hawezi kushindwa na moja. Nikavaa miwani, nikaligeuza, nikatafuta shingoni, kwapani, kwenye pindo. Nilikuwa najua kwamba sitapata, ila nilitafuta.

Mama alikuwa ameketi mkekani. Macho yake hayaoni mbali tena na mikono yake haiwezi kukamua hata leso. Alinyoosha mkono, nikampa. Alilipapasa bega, akalipapasa kifua, pale pale aliposhika siku ile ufukweni.

"Mwacheni nalo," alisema. "Nililifunga mimi, halifunguki." Akamrudishia Danieli, naye akalivaa, jua limesimama utosini, akakaa nalo karibu na mama mpaka chai ilipokuja.

"La Stefano fuma kubwa zaidi," mama aliniambia. "Yule ana mabega. Wenzangu nitawasimamia nikiwa nimekaa."

Kwa hiyo kesho napanda basi la Songea, kisha Njombe. Funguo ni zenu na mashine ni zenu. Zile sindano za mwanzi zilizokuwa juu ya kabati nimezichukua mimi, msizitafute.